Pachi ina mistari elfu kumi na moja, we unataka isiyofika mia tu: ipepete kwenye terminali

Machalii, wiki iliyopita nipo zangu Sakina, umeme umekatika toka asubuhi, laptopu imebaki asilimia 30 na intaneti ndo hivo bando la simu, mara mwenzangu alieko Moshi ananiandikia "kaka nishasukuma, pitia fasta niunganishe, mteja anasubiri". Mteja wenyewe ni kampuni ya utalii, tunawatengenezea kikokotoo cha bei za kupanda mlima. Nafungua mabadiliko yake kwenye brauza, ukurasa unazunguka weee, haufunguki. Nikasema isiwe tabu, nikavuta tawi lake (nakala yake ya kazi ndani ya git, programu ya kutunza matoleo ya mradi) nikatoa pachi, yani faili linaloonyesha mistari iliyotoka na iliyoingia:

git fetch origin pull/48/head:pr48
git diff main...pr48 > kubwa.patch
wc -l kubwa.patch

Mistari 11,240! Na jamaa kabadilisha bei za njia mbili tu za kupanda mlima, Machame na Marangu.

Hizo nukta tatu zina kazi yake, zinakupa alichobadilisha yeye toka alipojitenga na main (tawi kuu), sio na vya wengine vilivyoingia main baadae. Repo (hifadhi ya mradi) ikiwa ya wazi kwenye GitHub huna hata haja ya kufetchi, unabandika .diff mwisho wa anwani ya ombi lake la kuunganisha (pull request) unaishusha na curl -L. Ipo pia .patch ila hiyo inakuja kumiti moja moja (kila mara alipohifadhi kazi yake), kwahiyo faili lilelile unaweza kulikuta mara tano, kwa kusoma mi nachukua .diff.

Sasa kosa tunalofanya wengi ni kuanza kusoma juu kushuka chini. Pachi ni kama mchele wa sokoni, unaupepeta na kutoa chuya kwanza ndo unabandika sufuria. Kwahiyo cha kwanza usisome, uliza humu kuna nini:

git apply --stat kubwa.patch

Usiogope hilo neno apply, ukiweka --stat haigusi faili lako hata moja, inakuonyesha tu kila faili limeguswa mistari mingapi. Yangu ikanijibu kwamba zaidi ya mistari elfu kumi ni package-lock.json (orodha ya maktaba inayojiandika yenyewe), na nyingine mia kadhaa zipo kwenye folda la dist (mafaili yanayozalishwa na mashine) ambalo hata halikutakiwa kuingia kwenye repo (tulishaongea hili, basi tu).

Hapo sasa unahitaji vifaa vinaitwa patchutils. Ubuntu na Debian ni sudo apt install patchutils, ni kifurushi kidogo hakili bando. Ndani yake kuna programu nyingi ila za kila siku ni nne. Ya kwanza ni lsdiff:

lsdiff -s --strip=1 kubwa.patch

Inaorodhesha mafaili, mbele ya kila jina kuna alama, + ni jipya, - limefutwa, ! limebadilishwa. Ile --strip=1 inakata a/ na b/ ambazo git inazibandika mwanzoni mwa majina. Kama lsdiff haitoi kitu kabisa na faili limejaa, angalia kama hukuilazimisha git iweke rangi muda wote, zile alama za rangi zinaingia ndani ya faili na hakuna programu itakayoielewa pachi yako. Mimi hili lilinipotezea saa nzima siku moja.

Ya pili ndo chekecheke yenyewe, filterdiff:

filterdiff -p1 -x 'package-lock.json' -x 'dist/*' kubwa.patch > safi.patch

-x ni toa, -i ni bakiza, na -p1 inamwambia alinganishe jina bila ile a/ ya mwanzo. Ukisahau -p1, 'dist/*' haitashika kitu manake yeye anaona a/dist/. Na weka alama za nukuu bana, usiziache, la sivyo ile nyota inafunguliwa na sheli (programu inayosoma amri zako) kabla haijamfikia filterdiff, inageuka majina ya mafaili yaliyopo kwenye folda lako, alafu unabaki unashangaa mbona majibu hayaeleweki. safi.patch yangu ikabaki na mistari 96. Hiyo hata kwenye daladala unasoma.

Kama repo unayo kwenye mashine, kuchuja huku hata git peke yake anaweza:

git diff main...pr48 -- . ':(exclude)package-lock.json' ':(exclude)dist'

Ongeza -w kama mtu kapanga upya nafasi tu, au --word-diff kama ni maandishi na unataka kuona neno lililobadilika badala ya mstari mzima. Mi natumia filterdiff zaidi pale nimetumiwa faili tupu bila repo, au nipo kwenye seva ya mtu.

Ya tatu, grepdiff, hii naipenda kuliko zote. Kwenye kikokotoo chetu kitu kinachoniumiza roho ni hesabu ya wapagazi, ikikosewa pale mtu analipwa pungufu au mizigo inamzidi mtu mgongoni. Nikauliza:

grepdiff --output-matching=hunk wapagazi safi.patch

Yani usinipe majina ya mafaili, nipe vile vipande tu vyenye hilo neno. Kikatoka hiki:

--- a/bei/machame.js
+++ b/bei/machame.js
@@ -14,7 +14,7 @@ function jumla(watu) {
   const siku = 7;
   const waongozaji = 2;
   const mpishi = 1;
-  const wapagazi = watu * 3;
+  const wapagazi = watu * 2;
   const gari = bei.gari;
   const hema = watu * bei.hema;
   const chakula = watu * siku * bei.chakula;

Mstari wa @@ unasomeka hivi: zamani kipande kilianzia mstari wa 14 kikiwa na mistari 7, sasa pia kinaanzia 14 na ni 7. Yenye minus imetoka, yenye plus imeingia, isiyo na kitu ni majirani tu wamewekwa ujue upo mtaa gani. Baada ya @@ ya mwisho git anakuwekea na jina la fankisheni. Na hapo mgeni mmoja kapunguziwa mpagazi mmoja, kwenye kazi iliyoitwa "bei mpya"! Nikampigia, ananiambia "ah kaka nilikuwa najaribu kitu nikasahau kurudisha". Ndani ya mistari 11,240 nani angeuona huo mstari?

Ukitaka neno litafutwe kwenye mistari iliyoongezwa tu, kuna --only-match=add. Nzuri kuwinda console.log (mistari ya kujaribia) na nywila zilizosahaulika.

Ya nne ni interdiff. Jamaa karekebisha, kaleta toleo la pili, sasa usisome upya yote:

interdiff safi.patch safi2.patch

Inakupa tofauti kati ya pachi na pachi, yani alichobadilisha toka jana. Sharti zote mbili ziwe zimejengwa juu ya kodi ileile (na sio ile kodi ya TRA), kama katikati kavuta main mpya itakuletea vurugu.

Kusoma kwenyewe, less inatosha, ukiandika /^diff alafu n unaruka faili hadi faili. Ukitaka rangi, colordiff < safi.patch | less -R.

Na ukitaka kuchukua kipande kimoja tu cha kazi ya mtu, mfano bei za Marangu ziko sawa ila za Machame bado:

filterdiff -p1 -i 'bei/marangu.js' safi.patch | git apply --check

Ikinyamaza ujue inaingia bila ugomvi, toa --check urudie. Kipande ndani ya faili pia unachagua, ongeza --hunks=1,3.

Kitu cha mwisho, pachi msitumiane kwa kuikopi na kuibandika kwenye WhatsApp kama ujumbe. Tab na nafasi za mwanzo wa mistari zinaharibika njiani alafu git anakwambia "corrupt patch at line 27". Itume kama faili. Na kama umefuta mstari kwa mkono ndani ya pachi zile hesabu za @@ zitakuwa zinadanganya, ipitishe kwa recountdiff, atahesabu upya mwenyewe.