Jinsi ya Kutembelea Nyumba za Maduka za Chinatown, Singapore

Nyumba za maduka ni nyumba za kale zenye duka chini na makazi juu. Kuzitembelea, tenga masaa matatu ya asubuhi. Jua likishafika utosini joto huchosha, na picha huharibika: ukuta unang'aa, baraza chini yake inakuwa giza tupu.

Shuka kituo cha treni cha Maxwell, kisha ingia URA Centre, jengo la mamlaka ya mipango miji, 45 Maxwell Road, penye ukumbi wa maonyesho wa Singapore City Gallery. Hakuna kiingilio, Jumapili hufungwa. Angalia mfano wa jiji uone mapaa ya vigae yalivyozungukwa na maghorofa. Mtaa huu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1989, ndiyo maana bado umesimama.

Toka, kisha panda mtaa wa Ann Siang Hill, ukitembea barazani. Upenu huo wenye paa mbele ya kila duka unatokana na mpango wa mji wa 1822 wa Raffles, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Singapore, na Wamalei huuita kaki lima, yaani futi tano. Ni njia ya wapita kwa miguu, si ya kukalia. Utakukinga na mvua, lakini tazama unapokanyaga: kila nyumba ina sakafu yake, hivyo ngazi ndogo hujitokeza ghafla. Mwenye kigari cha mtoto atasumbuka.

Ili kuujua umri wa nyumba, vuka upande wa pili wa barabara ndipo uinue macho. Ukisimama chini yake utaona dari ya baraza tu. Nyumba nyingi zina upana wa mita 4 hadi 6, kwa kuwa boriti za mbao zililala kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wa kwenda nyuma ni mkubwa zaidi, na ua mdogo wa ndani huleta mwanga na hewa. Orofa fupi, dirisha moja au mawili juu, nakshi haba: hiyo ni ya karne ya 19. Madirisha matatu yaliyojaza ukuta mzima, maua ya lipu na vigae vya rangi ni mtindo wa 1900 hadi 1940. Mistari iliyonyooka na mwaka ulioandikwa kileleni ni za miaka ya 1930 na kuendelea. Rangi isikudanganye, hupakwa upya.

Teremka Telok Ayer Street, iliyokuwa ufukwe kabla bahari haijafukiwa, uone hekalu la Thian Hock Keng. Rudi South Bridge Road kwenye Msikiti wa Jamae na hekalu la Sri Mariamman: funika mabega na magoti, vua viatu. Pagoda Street pita tu. Bidhaa za watalii zimeficha nyumba.

Ukitaka kuona ndani ya nyumba ya kale, ingia makumbusho ya Baba House, 157 Neil Road, lakini weka nafasi mapema. Ukienda bila miadi utaishia mlangoni. Nyumba nyingine za upande huo zinakaliwa na watu: usichungulie madirishani wala kukaa kwenye ngazi zao.