Somo: Kupanga jedwali la mauzo ya samaki kwa safuwima zaidi ya moja katika R (lugha ya kompyuta ya kuchambua data)

Tuchukue jedwali liitwalo mauzo, lenye safuwima za mwalo, yaani mahali samaki wanaposhushwa (Kirumba, Igombe, Kayenze), samaki (sangara, sato, dagaa) na kilo. Tunataka mialo ifuatane kialfabeti, na ndani ya kila mwalo mzigo mzito utangulie.

Kwanza, andika str(mauzo) ili uone kila safuwima imesomwa kama nini. Kilo zikisomwa kama maandishi, 100 itatangulia 20, na 20 itatangulia 9, kwa kuwa hulinganishwa tarakimu moja moja kuanzia kushoto. Mara nyingi chanzo ni karani aliyeandika "kg" ndani ya kisanduku kimoja tu, nacho hutosha kuigeuza safuwima nzima.

Pili, andika:

mpangilio <- order(mauzo$mwalo, -mauzo$kilo)

Amri hii haijaligusa jedwali. Imerudisha namba za mistari kwa mfuatano unaotakiwa. Safuwima iliyotajwa mwanzo ndiyo yenye kauli, na ya pili husikilizwa pale tu mistari inapolingana kwenye ile ya kwanza. Ukitanguliza kilo, mialo itachanganyika, na jina la mwalo litafanya kazi kwa ile mizigo michache tu yenye uzito sawa. Alama ya kutoa hugeuza mfuatano ili kubwa ianze.

Tatu:

mauzo <- mauzo[mpangilio, ]

Mkato huo usiuache, maana bila huo R hudhani unachagua safuwima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikiweka alama ya kutoa mbele ya mwalo, R inakataa. Nifanyeje ili Kirumba ianze?

Jibu: Maandishi hayawezi kutolewa kama namba. Andika -xtfrm(mauzo$mwalo), ambayo huyapa majina namba za mfuatano kwanza, kisha alama ya kutoa itafanya kazi yake.

Swali: Mizigo ambayo haikupimwa, yenye NA kwenye kilo, itakwenda wapi?

Jibu: Itakuwa mwisho wa mwalo wake, si mwisho wa jedwali zima, kwa sababu mwalo umeshaamuliwa kabla ya kilo kuangaliwa. Ukiongeza na.last = NA mistari hiyo itaondolewa kabisa, jambo ambalo sikushauri kwa hesabu za mauzo, kwani mzigo usiopimwa bado ni mzigo.

Swali: Sisi hatutaki alfabeti, tunataka mialo ifuate njia ya gari letu la barafu, yaani Kayenze, Igombe, kisha Kirumba.

Jibu: Kabla ya hatua ya pili, andika:

mauzo$mwalo <- factor(mauzo$mwalo, levels = c("Kayenze", "Igombe", "Kirumba"))

Baada ya hapo order itafuata mfuatano huo. Kagua tahajia kwanza kwa table(mauzo$mwalo), kwani jina lililoandikwa "kirumba" kwa herufi ndogo halimo kwenye orodha na litageuzwa NA bila onyo lolote.