Mtoto kiziwi yuko darasa la 12 hapa Texas: namna ya kutafuta pesa za chuo, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binti mmoja wa jumuiya yetu hapa Abilene. Ni kiziwi tangu utotoni, alikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, akamalizia sekondari Texas. Wazazi wake wanazungumza Kiswahili na Kibembe, yeye anaongea kwa lugha ya alama ya Marekani, ile ASL, na fomu zote zimeandikwa Kiingereza. Familia nyingine za Kongo zilizoko Fort Worth na Houston zimeshaniuliza maswali yale yale, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja.

Jambo ninalotaka mlishike kabla ya yote: pesa kubwa ya mwanafunzi kiziwi haitoki kwenye mashindano ya insha ya dola 500 au 1,000. Inatoka serikalini, na inatoka kwenye kuchagua chuo ambacho ada yake tayari imeshushwa au kufutwa kwa ajili ya viziwi. Nimeona wazazi wakihangaika miezi na ufadhili mdogo mdogo huku hawajafungua faili VR. Tuanzie huko.

Hatua ya 1: Fungua faili VR

VR ni Vocational Rehabilitation, huduma ya serikali ya kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa ajira. Kila jimbo linayo. Ile ya Texas iko chini ya Texas Workforce Commission. Inaweza kulipa ada, vitabu, kifaa cha kusikia, hata sehemu ya gharama za kuishi, ilimradi masomo yanaelekea kwenye kazi ambayo kijana na mshauri wake wamekubaliana.

Omba mwanzoni mwa darasa la 12, au mapema zaidi ukiweza. Sheria inawapa siku 60 kuamua kama kijana anastahili, kisha siku 90 kuandaa mpango wa kazi unaoitwa IPE. Hesabu mwenyewe: ukiomba Machi, Agosti chuo kinafunguliwa na bado mko kwenye makaratasi. Kama kijana anapokea SSI, ile pesa ya kila mwezi ya Social Security kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, sheria inamhesabu kuwa anastahili moja kwa moja, basi pelekeni barua ya SSI siku hiyo hiyo.

Usilipe kitu chochote ukitegemea VR irudishe. Wanalipia kilichomo kwenye IPE iliyokwisha kutiwa saini, si kabla.

Mkutano wa kwanza unahitaji wakalimani wawili, mmoja wa ASL kwa ajili ya kijana na mwingine wa Kiswahili kwa ajili ya wazazi. Ofisi ndiyo inayowatafuta na kuwalipa, ninyi hamtoi hata senti. Ombeni kwa barua pepe wiki kadhaa kabla, na msikubali mdogo wake mwenye miaka kumi akalishwe pale kutafsiri. Mtoto hawezi kutafsiri mkataba, na kijana mwenyewe ana haki ya kuelewa kila neno linalosemwa juu ya maisha yake. Napendelea barua pepe kuliko simu kwa mambo haya yote, kwa sababu barua pepe inabaki na tarehe.

Hatua ya 2: Audiogramu

Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Audiogramu ni chati ya kipimo cha masikio. Kutoka kushoto kwenda kulia zimepangwa sauti, nene hadi nyembamba, kwa hezi, kwa kawaida 250 hadi 8,000. Kutoka juu kwenda chini ni nguvu ya sauti kwa desibeli, na alama zikishuka ndivyo usikivu ulivyopotea zaidi. Duara, mara nyingi jekundu, ni sikio la kulia. X, mara nyingi ya bluu, ni la kushoto. Kwa sababu ya rangi hizo, iskani kwa rangi kwenye skana ya maktaba na uihifadhi kama PDF. Picha ya simu iliyopigwa mezani chini ya taa inaleta kivuli juu ya namba, na mimi sizitumi kabisa.

Wafadhili wengi hawasomi chati yote. Wanatafuta wastani wa namba tatu: 500, 1,000 na 2,000 hezi. Sikio likiwa na 75, 85 na 95, wastani ni 85. Mwambie mtaalamu wa usikivu auandike wastani huo kwa tarakimu, kila sikio peke yake, chini ya chati. Usiwaachie watu wa ofisini wakadirie kwa macho.

Ni muhimu zaidi kwa kiziwi kabisa. Mashine ikifika ukomo wake na mtu bado hajasikia, mtaalamu anachora alama yenye mshale mdogo unaoelekea chini. Maana yake hakuna jibu. Asiyejua kusoma chati anaona mshale, haoni namba, anaandika kwamba kipimo hakijakamilika. Fomu ya binti yetu ilirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Kliniki iliyompima ilikuwa imetoa chati tupu bila maelezo, na kuipata saini ya pili ikawa safari ndefu ya simu na kusubiri. Siku hizi siondoki kliniki bila barua fupi yenye mambo haya: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kipimo, wastani wa kila sikio, maneno yanayosema hasara ya usikivu ni ya kudumu na iko masikio yote mawili, saini na namba ya leseni.

Jina nalo liangalieni. Wengi wetu majina yetu yalipinduliwa njiani, la ukoo likawa la kwanza, na wengi waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Audiogramu ifuate herufi kwa herufi jina lililo kwenye kadi ya uhamiaji, hata kama nyumbani mnamwita vingine.

Halafu kuna suala la kupimwa bila kifaa na kupimwa na kifaa. Wafadhili binafsi karibu wote wanataka kipimo bila kifaa cha kusikia. Lakini msamaha wa ada wa Texas, nitakaoueleza hatua ya 4, unaangalia kinyume: je, baada ya matibabu na kifaa, mtu huyu bado hawezi kuelewa mazungumzo ya kawaida? Kwa kijana mwenye usikivu hafifu anayevaa kifaa, hapo ndipo penye utata, kwa sababu chati yake inaweza kuonekana nzuri akiwa kwenye chumba kimya cha kliniki, na darasani asipate hata nusu ya anachosema mwalimu. Ombeni apimwe vyote viwili siku moja, pamoja na kile cha kurudia maneno akiwa amevaa kifaa. Kurudi kwa kipimo cha pili kunaweza kumaanisha kusubiri miadi mingine miezi.

Kuna pia wafadhili wanaouliza usikivu ulipotea lini, hasa kama ni kabla mtoto hajajifunza kusema. Mtoto wa kambini hakupimwa na mashine. Msiseme hatuna ushahidi, tafuteni kwanza. Fungueni ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, mliokuja nao kwenye ndege. Ndani ya mfuko wa familia hii tulikuta kadi ya kliniki ya kambi, imekunjika na kuchakaa kwenye mikunjo, na kwa kalamu ya bluu muuguzi alikuwa ameandika: "Mtoto haitiki akiitwa." Kuna tarehe na muhuri. Tuliitafsiri, mtaalamu akaitaja kwenye barua yake, akaeleza kwamba inalingana na anachokiona leo.

Pesa ya kipimo isiwatishe. Mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, chini ya miaka 21 anapimwa masikio bila kulipa. VR nayo inaweza kulipia kipimo inachokihitaji kuamua maombi. Mimi nalenga kipimo kisichozidi miezi 12 siku ya kutuma fomu.

Hatua ya 3: FAFSA

FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo. Jazeni. Ni bure, kwenye studentaid.gov, na kwa kawaida inafunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mwenye green card anastahili, aweke namba yake ya A, yaani namba ya uhamiaji iliyo kwenye kadi hiyo. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake pia. Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, kiwango chake cha juu kabisa kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395, na hairudishwi. VR watataka kuona mmeiomba kwanza.

Hatua ya 4: Chagueni chuo kwa kuangalia ada ya kiziwi

Kwa mkazi wa Texas naanza na msamaha wa ada. Kwa sheria ya jimbo, vyuo vya umma havimtozi kiziwi ada ya masomo. Cheti cha kuthibitisha uziwi kinatoka ofisi ya huduma za viziwi ya Texas Health and Human Services. Chuo kitataka pia matokeo ya sekondari, barua ya mapendekezo na maelezo ya anachotaka kusomea. Hailipi bweni, chakula wala vitabu. Hapo ndipo Pell na VR zinapoingia.

Msamaha huo unafanya kazi hata Big Spring, kwenye chuo cha viziwi cha SWCID kilicho chini ya Howard College. Kutoka Abilene ni kuifuata I-20 kuelekea magharibi. Wanafundisha moja kwa moja kwa lugha ya alama, na kwa kijana aliyeanza ASL ukubwani hakuna mahali ningempeleka kwanza zaidi ya hapo.

Nje ya jimbo, viwili vinajulikana dunia nzima. Gallaudet, Washington, D.C., ilipata idhini ya kutoa shahada mwaka 1864, Abraham Lincoln akiwa rais. NTID, chuo cha ufundi cha viziwi kilicho ndani ya chuo kikuu cha RIT kule Rochester, New York, ilianzishwa kwa sheria ya 1965, na kwa sababu serikali kuu inachangia, kiziwi Mmarekani au mwenye green card analipa chini ya nusu ya ada ya kawaida ya RIT. Ukisikia bei ya RIT usikimbie, uliza bei ya NTID.

Na chuo chochote mtakachochagua, mkalimani na mwandika maelezo ya darasani si gharama yenu. Sheria ya Rehabilitation ya 1973, kifungu cha 504, na ADA ya 1990, sheria ya haki za Wamarekani wenye ulemavu, zinakilazimisha chuo kuwatoa. Ila IEP ya sekondari, ule mpango wa elimu maalumu, haimfuati chuoni. Lazima kijana mwenyewe ajiandikishe kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, na aende na ile barua ya hatua ya 2.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo ufadhili mdogo

Someni masharti kabla ya kuandika neno. Ufadhili wa shirika la AG Bell ni kwa wanaotumia kusikiliza na kusema kwa mdomo, anayetegemea alama asipoteze muda wake. Kampuni ya Cochlear inatoa ufadhili wa Graeme Clark kwa waliowekewa kipandikizi chao cha sikio cha Nucleus, dola 2,000 kwa mwaka hadi miaka minne. Mwenye kipandikizi cha kampuni nyingine hahusiki. Shirika la kujitolea la Sertoma limekuwa likitoa dola 1,000 kwa wenye hasara ya angalau desibeli 40 masikio yote mawili.

Ninachokipenda kuliko vyote ni shindano la Optimist International, shirika la kujitolea, kwa viziwi. Kijana anatoa hotuba yake kwa alama au kwa mdomo, na zawadi inafika dola 2,500. Binti yetu kwenye karatasi ya Kiingereza ni mnyamavu. Mpe nafasi ya kusimama na mikono yake, chumba kizima kinamtazama yeye.

Kwa insha, mwacheni aisimulie kwanza kwa ASL mbele ya kamera, kisha akae na mwalimu wake wa viziwi waiandike. Mawazo yabaki yake. Na ufadhili wowote unaodai ada ya maombi, funga ukurasa huo.

Hatua ya 6: Pesa ikija, linda SSI

Pell haihesabiwi kabisa. Ufadhili mwingine unaotumika kwa ada, vitabu na malipo ya lazima ya masomo hauhesabiwi kama kipato, lakini sehemu inayokwenda kwenye bweni inaweza kuhesabiwa. Fedha za masomo ambazo hazijatumika zinavumiliwa miezi tisa baada ya mwezi zilipoingia, kisha zinaingia kwenye kikomo cha dola 2,000 za mali. Fungueni akaunti ya benki ya masomo peke yake, risiti wekeni pamoja na taarifa za benki, na mpelekee ofisi ya Social Security barua ya ufadhili mara tu inapofika.

Mwambieni pia mshauri wa VR. Ufadhili uliotolewa kwa sababu ya ufaulu si kitu ambacho kanuni za VR zinamtaka aukate kwenye msaada wake. Akisema vinginevyo, mwombeni kwa heshima aiandike hoja yake kwenye barua pepe, kisha ulizeni ofisi ya Client Assistance Program ya jimbo lenu, inayowatetea wanaohudumiwa na VR. Kila jimbo linayo, nayo hailipishi.