SOMO: Kuimba ukiwa na meno ya bandia, kwa wanakwaya tuliokula chumvi nyingi

Wapendwa wanakwaya, shikamooni mlionizidi umri, na wengine hamjambo. Somo hili niliahidi tangu mazoezi ya Pasaka, na wengi mmenisimamisha sokoni Mwanga kuniulizia. Nina miaka 68, naimba sauti ya pili tangu usichana wangu, na huu ni mwaka wa tatu naimba na meno ya bandia juu na chini. Mimi si daktari. Ninayoandika ni yale niliyoelekezwa na daktari wa meno, pamoja na yale niliyoyapata kwa kuimba kila asubuhi mbele ya kioo, nyumbani kwangu Gungu.

Meno yangu nilikabidhiwa siku ya Jumatano. Jumapili yake nikasimama na kwaya. Kwenye wimbo wa matoleo tukafika pale sauti ya pili inapopanda na kushikilia "a" ndefu, bamba la juu, yaani ile plastiki inayobeba meno, likaachia. Nikafunga mdomo, na sikuufungua tena mpaka ibada ilipokwisha. Baada ya hapo nilikaa miezi miwili bila kukanyaga mazoezini, nikiwaambia watu kifua kinanisumbua. Miezi ile miwili inaniuma hadi leo, maana sauti yangu ilikuwa nzima kabisa. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba kinywa kikipata meno mapya hufundishwa upya, na kwamba mafunzo hayo yana utaratibu.

KWANZA UJUE NINI KINAYASHIKA

Bamba la juu hufunika kaakaa na kushikwa na mate. Utando mwembamba wa mate hukaa kati ya plastiki na kaakaa, kingo zikazuia hewa isipenye, likaganda kama vioo viwili vilivyolowana. Hewa ikipenya pembeni au kule nyuma, linaachia. Bamba la chini halina kaakaa la kuganda. Limekaa juu ya ukingo wa fizi kama tandiko juu ya punda, ulimi uko katikati, mashavu na midomo viko nje. Ndiyo maana karibu kila mtu hulalamikia meno ya chini zaidi.

Sasa angalia sisi waimbaji tunavyofanya tukiogopa yasianguke: tunakaza taya. Taya likikazwa, koo nalo linakazwa, noti ya juu inatoka imebanwa, na meno yenyewe hayashikiki zaidi hata kidogo. Kazi ya kuyashika ni ya mate, ulimi na misuli ya mashavu. Taya liache huru.

HATUA YA 1: Imba kabla meno hayajakamilika

Daktari akitengeneza seti kamili, kwa kawaida kuna siku anakuita uyajaribu yakiwa yamepangwa kwenye nta. Siku hiyo jino linaweza kusogezwa. Yakishaingia kwenye plastiki ngumu, kuyahamisha ni kazi nyingine kabisa. Wengi wetu siku hiyo hujitazama kwenye kioo, tukaona rangi imependeza, tukaondoka. Wewe mwambie kwamba ni mwimbaji.

Hesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini na saba. Sauti ya S huyaleta meno ya juu na ya chini karibu sana, lakini hayatakiwi kugusana. Ukisikia "sitini na sita" inagonga tak tak, yamepangwa marefu kupita kiasi, na ukiimba nayo saa moja taya litauma. Kisha sema "fua", halafu "vua". Kwenye F ncha za meno ya juu zinagusa mdomo wa chini kwa wepesi tu. Kama "fua" yako inatoka kama "vua", mwambie. Mwisho imba mstari mmoja kwa upole, maana nta ni laini. Usione haya, hapo ndipo mahali pake.

HATUA YA 2: Siku za mwanzo, soma tu

Mate yatajaa mdomoni kwa sababu kinywa kinadhani kimepewa chakula. Meza, usiteme teme. Hali hiyo hupungua yenyewe. Soma kwa sauti robo saa asubuhi na robo saa jioni: Zaburi, gazeti, chochote. Kula vitu laini, kata vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja ili bamba lisibinuke. Samaki kama mgebuka, akitolewa miiba, anafaa mapema. Mahindi ya kuchoma yasubiri.

HATUA YA 3: Ulimi

Hapa ndipo pana somo lenyewe, naomba msiparuke.

Simama mbele ya kioo, fungua mdomo kiasi cha kidole kimoja, utazame ulimi wako. Kwa wengi ulimi umejikunja kurudi nyuma, sakafu ya mdomo inaonekana. Ulimi ukikaa hivyo hewa hupenya chini ya bamba la chini, nalo linaelea. Uteremshe, uutandaze, ncha yake iguse kwa ndani meno ya mbele ya chini, na pembeni ulale juu ya ukingo wa bamba. Utalisikia bamba linatulia.

Kaa hivyo ukihesabu kumi, pumzika, rudia. Mimi nilifanya nikiwa napepeta mchele, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa nasubiri daladala. Ilinichukua kama wiki tatu hadi ulimi ukapazoea pale bila kukumbushwa. Na nilipata nisichokitarajia: noti zangu za juu zikafunguka kuliko nilivyokuwa na meno yangu ya kuzaliwa, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nauvuta ulimi nyuma na kuziba koo. Walimu wa kwaya wametuimbia jambo hilo miaka mingi, sisi tukalipuuza.

HATUA YA 4: Vuma, halafu irabu

Funga midomo, meno yasigusane ndani, vuma kwenye noti ya katikati ya sauti yako. Utahisi mtetemo mgeni kwenye bamba. Ni sawa. Baada ya siku mbili tatu fungua kwa "u", kisha "o". Hizo hukusanya midomo na haziyavuti mashavu. Zikikaa sawa nenda "e", halafu "i". Kwenye "i" usitabasamu kwa nguvu, maana pembe za mdomo zikivutwa huchokonoa kingo za bamba.

"A" iwe ya mwisho, ndiyo iliyoniangusha. Tumezoeshwa kuipanua kwa mapana. Ifungue kwenda chini, taya lidondoke kwa uzito wake, pembe za mdomo zitulie. Nafasi itafute nyuma, kama mtu anayetaka kupiga mwayo akauzuia. Kiswahili kimetusaidia hapa, karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, kwa hiyo ukizimudu hizi tano umeumudu wimbo.

HATUA YA 5: Konsonanti

Fanya kwa jozi, polepole: saba na shaba, samani na thamani, zamu na dhamana, fua na vua. Ziseme, kisha uziimbe kwenye noti moja. S ikipiga mluzi hata baada ya mwezi wa mazoezi, rudi kwa daktari. Mara nyingi njia ya hewa nyuma ya meno ya mbele haikukaa sawa, naye anaweza kuirekebisha.

HATUA YA 6: Kurudi kwenye kwaya

Jirekodi kwa simu kwanza. Iweke mbali, hatua tatu au nne, usiishike mkononi. Ukiimba na bamba kaakaani, unajisikia kama unaimba ndani ya mtungi, kwa kuwa sauti nyingine unaisikia kupitia mifupa ya kichwa chako. Anayekusikiliza hapati huo mtungi. Mimi niliposikia rekodi yangu ya kwanza nililia. Nilikuwa nimewaacha wenzangu miezi miwili kwa ajili ya kasoro niliyoisikia mimi peke yangu.

Anza na mazoezi ya katikati ya wiki, nusu saa, nyimbo unazozijua. Kunywa maji kidogo kidogo, mate yakikauka bamba la juu linalegea. Wanaotumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, wataliona hili zaidi. Dawa msiache, chukueni chupa ya maji.

HATUA YA 7: Usafi na vidonda

Usiku yavue, yalaze kwenye maji safi ya baridi, fizi zipumue. Maji ya moto huyapindisha. Sugua kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno nyingi ina chenga, itayachuna. Ukilala nayo kila siku, fangasi hupata makao kwenye kaakaa.

Kidonda kikitokea, sukutua kwa maji ya chumvi na upumzishe fizi. Usiguse bamba kwa msasa wala tupa. Rudi kwa daktari, na siku moja kabla ya kwenda yavae, ili alione doa jekundu linapoanzia. Kidonda kisichopona wiki mbili baada ya kurekebishiwa, kionyeshe tena bila kuchelewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa sauti ya kwanza, Kasulu: Dada yangu, mimi nilipewa meno siku ile ile niliyong'olewa. Mwanzo yalikamata vizuri, sasa mwezi wa tano yanacheza, nikiimba yanashuka. Nimeharibu nini?

Jibu: Hujaharibu kitu, dada. Jino likitoka, mfupa uliolishika hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Fizi zako zimebadilika umbo, meno yamebaki na umbo la siku ile. Mwombe daktari ayaongezee plastiki kwa ndani yashike fizi upya. Ni gharama ndogo kuliko seti mpya. Na hata sisi tuliokaa miaka tunatakiwa kuonana naye walau mara moja kwa mwaka.

Mzee wa kaswida, Ujiji: Mwanangu, sisi tuna herufi za Kiarabu, tha na dhali, ulimi unatoka kati ya meno. Kila nikitoa ulimi bamba la chini linanyanyuka. Na je, gundi ya kushikizia meno ya bandia, naweza kuipaka mchana wa Ramadhani?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hizo herufi ulimi hauhitaji kutoka mbali, ncha yake tu ionekane kidogo, na pembeni ubaki umelalia bamba. Anza kwa kunong'ona "thamani" na "dhahabu" mbele ya kioo, ukiongeza sauti kidogo kila siku. La gundi na funga naomba umuulize shehe wako, hilo si langu. Kwa upande wa kinywa nakuambia tu kwamba mchana wa funga mate hupungua, kwa hiyo kama una kaswida ndefu, baada ya futari ndiyo saa njema zaidi.

Mwimbaji wa bezi, Uvinza: Gundi nipake kiasi gani? Mimi napaka nyingi na bado.

Jibu: Kaka, vitone vitatu au vinne vya ukubwa wa punje ya choroko vinatosha kwa bamba la juu. Ukipaka nyingi, bamba linakaa juu ya gundi badala ya kukaa juu ya kaakaa, na linateleza. Nyingine zina zinki, na kuzitumia kwa wingi kwa muda mrefu kumewahi kudhuru mishipa ya fahamu ya watu. Kama kila siku unahitaji nyingi, meno hayakukai. Yarudishe.

Mwalimu wa kwaya, Katubuka: Shikamoo mama. Nina bibi mmoja sauti ya pili, tegemeo langu. Tangu apate meno haongei mazoezini, anafungua mdomo kidogo tu. Nimhamishie nyuma ili asione haya?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimhamishe. Akihamishwa atajua umeona, na Jumapili ijayo hatakuja. Kaa naye pembeni, umwambie unamhitaji, umpe mwezi mmoja asiimbe noti ndefu za juu. Zoezi la ulimi lifundishe kwaya nzima kama sehemu ya kupasha sauti, vijana nao litawafaa. Na ukiona wimbo una "a" ndefu juu kwa sauti ya pili, wapangie wapumue kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine ameshika.

Dada wa Bangwe: Mama, langu ni pengo la meno mawili tu ya mbele, nimewekewa kibamba chenye vikulabu. Haya yote yananihusu?

Jibu: Hatua ya tano na ya sita, mwanangu, hizo zikuhusu. Vikulabu vinakushikia, bamba halitaanguka kirahisi. Ila sugua sana meno yako yenyewe pale vikulabu vinapoyakumbatia, uchafu hujificha hapo na jino huoza. Na usikivue kwa kusukuma na ulimi wakati mhubiri anahubiri, vikulabu vitalegea.

Mzee wa sauti ya tatu, Kibirizi: Langu limepasuka katikati, mjukuu amelipaka gundi ya kuunganishia viatu. Limeshika. Niendelee?

Jibu: Livue leo, mzee wangu. Gundi ile haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, na vipande vikishikana hata kidogo upande, bamba litakuchubua na kupasuka tena ukiwa unaimba. Beba vipande vyote, hata kile kidogo, uvipeleke kwa daktari. Mpasuko wa namna hiyo mara nyingi hutengenezeka. Wakati unasubiri, njoo mazoezini hivyo hivyo. Utavuma nasi, sauti ya tatu tunaihitaji.