Debian mpya, kadi ya mtandao jina jipya: funga jina kabla ya kuwasha upya

Uko Tabora mjini, seva iko Kaliua, unaipandisha kwa SSH (njia ya kuiamuru seva kwa mbali) toka Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, kwenda 13. Inazima, inawaka, kisha kimya. Mara nyingi kadi ni nzima. Jana iliitwa enp2s0, leo inaitwa enp3s0, na faili ya /etc/network/interfaces bado inaita jina la jana.

Jina hilo huundwa na udev, programu inayotambua vifaa vya seva, kwa kuangalia kadi imechomekwa wapi: p2 ni njia ya PCI (njia za kuunganisha kadi) namba 2, s0 ni sloti 0. Kerneli (kiini cha mfumo) mpya ikizihesabu njia tofauti, au mtu akiongeza kadi nyingine, namba inasogea. Systemd, mradi ambao udev ni sehemu yake, nayo hubadili kanuni za majina toleo hadi toleo, na draiva nyingine siku hizi huongeza mkia wa np0. Anwani ya MAC, namba ya kadi yenyewe toka kiwandani, haisogei, kwa hiyo jina tulifunge hapo.

Hatua ya 1. Pata MAC:

ip -br link

Hatua ya 2. Andika /etc/systemd/network/10-lan.link:

[Match]
PermanentMACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff

[Link]
Name=lan0

Weka MAC yako halisi. Usitumie MACAddress= kama una VLAN au bridge (kadi za kidijitali zinazojengwa juu ya kadi halisi): hizo huazima MAC ya kadi, zote zitagombania lan0. Usichague eth0 pia, maana kerneli huenda imeshaipa kadi nyingine jina hilo, na udev ikashindwa kubadili. Jina lisizidi herufi 15.

Hatua ya 3. Jaribu bila kugusa mtandao:

udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/enp2s0

Tafuta ID_NET_NAME=lan0. Usipoiona, MAC imekosewa au faili imeandikwa mahali pengine.

Hatua ya 4. Saka jina la zamani kote:

grep -rn enp2s0 /etc

Hapa ndipo wengi huumia. Hurekebisha interfaces, wakasahau dnsmasq (inayogawa anwani za IP na kutafuta majina) na WireGuard (VPN). Kibaya zaidi ni /etc/nftables.conf, faili ya ukuta wa moto: sheria yenye iif inadai kadi yenye jina hilo iwepo. Isipokuwepo, faili nzima inakataliwa na seva inakaa bila ukuta wa moto hata mmoja. Andika iifname, ambayo hulinganisha maandishi tu. Ukishabadili, usiwashe upya huduma ya networking. Jina lan0 bado halijazaliwa.

Hatua ya 5.

update-initramfs -u

Usiiruke. Udev iliyo ndani ya initramfs, mfumo mdogo unaowaka kwanza, inaweza kuipa kadi jina kabla diski haijafunguliwa, nayo haijui faili yako mpya. UPS iwe na chaji, kisha reboot.

Kama umechelewa na seva imeshapotea, mtu wa Kaliua achomeke kibodi na skrini, aone jina jipya kwa ip -br link, kisha (kwa mfano wa anwani hizi):

ip link set enp3s0 up
ip addr add 192.168.10.2/24 dev enp3s0
ip route add default via 192.168.10.1

Hayo hufutika seva ikizimwa, ila yanatosha wewe kuingia kwa SSH na kuanza hatua ya 1 (kwenye hatua ya 3 andika enp3s0). Msomee amri kwa simu herufi kwa herufi. Sifuri na herufi o huchanganywa sana.