Kupika donati za hamira nyumbani, Arusha na Moshi

Aliyezoea kukanda maandazi huanza donati akiwa na mkono mwepesi, lakini pia na mazoea ya kuongeza unga kila donge linaponata. Donge la donati sharti linate kidogo, kwa kuwa ulaini huo ndio unaoliwezesha kuumuka mara mbili, na ni ule mwumuko wa pili, unaofuata baada ya kukata, unaoipa donati wepesi ambao andazi halina.

Kwa donati zipatazo 12, pima gramu 500 za unga wa ngano, gramu 60 za sukari, gramu 7 za hamira ya chenga, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mililita 240 za maziwa, yai moja pamoja na kiini cha yai jingine, na gramu 60 za siagi laini. Iliki naiachia maandazi. Hapa kungumanga kidogo iliyokunwa inatosha. Maziwa yaliyonunuliwa kwa mfugaji yachemshwe kwanza, si kwa ajili ya usalama peke yake, bali pia kwa sababu protini za maziwa mabichi hulegeza donge. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kiasi cha nyuzi joto 38, kwani maziwa ya moto huua hamira.

Changanya vyote isipokuwa siagi, ukande dakika tano, kisha uongeze siagi kidogo kidogo huku ukiendelea kukanda kwa dakika 10 zaidi. Mwanzoni donge litateleza na kuonekana limeharibika. Usiliogope wala usilimwagie unga. Limeiva pale kipande kinapovutwa taratibu kati ya vidole na kutanuka kikawa chembamba, kinapitisha mwanga bila kuchanika.

Lifunike liumuke hadi lijae mara mbili, na hapo usiamini saa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika baridi ya Juni na Julai donge linaweza kuchukua saa mbili. Moshi, iliyo chini zaidi, huenda mwezi Februari lisimalize hata saa moja. Wakati wa baridi, weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto. Wakati wa joto, tumia maziwa yaliyopoa kabisa, la sivyo siagi itayeyuka na donge litachacha.

Sukuma donge liwe na unene wa sentimita moja na nusu, ukate kwa glasi, na tundu ulitoe kwa kifuniko cha chupa ya maji. Bonyeza wima bila kuzungusha, maana kuzungusha huziba kingo na donati huumuka upande. Kila moja iwekwe juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea, ili baadaye isinyanyuliwe kwa vidole na kutoa hewa yote. Zifunike tena kwa dakika 30 hadi 60. Gusa ubavu wa moja: alama ya kidole ikirudi papo hapo, bado; ikirudi polepole na kuacha kibonyeo kidogo, washa jiko.

Mafuta ya alizeti yawe na kina cha sentimita tano au zaidi. Joto linalopendekezwa kwa kawaida ni nyuzi 175 hadi 180, lakini kwenye mwinuko wa Arusha nyuzi 170 zinafaa zaidi: maji yaliyo ndani ya donge huchemka katika joto la chini, hivyo mafuta makali huunguza nje kabla ndani hakujaiva. Tumbukiza donati pamoja na karatasi yake, uiondoe karatasi kwa koleo inapoachia, na ukaange dakika moja kila upande. Iliyoumuka vizuri huelea juu juu na kubaki na mshipi mweupe kiunoni. Ikikosa mshipi huo, zilizobaki zipe muda zaidi wa kuumuka.

Kwa sukari ya juu, koroga gramu 250 za sukari ya unga na vijiko vinne vya mezani vya maziwa pamoja na vanila, hadi upate rojo linalodondoka taratibu. Ukikosa sukari ya unga, saga sukari ya kawaida kwenye blenda kavu pamoja na kijiko cha wanga wa mahindi, kisha uichekeche. Chovya donati zikiwa na joto kiasi, si za moto sana, kwani za moto huyeyusha rojo likatiririka lote. Kisha zipange juu ya wavu. Wakati wa masika rojo hukawia kukauka, kwa hiyo punguza kijiko kimoja cha maziwa. Zitakazobaki usizitie kwenye friji, maana baridi yake huzifanya zikakamae upesi. Zifunike mezani, ziliwe kabla ya kesho yake jioni.