Kuuandaa Mlango na Ukumbi wa Nyumba kwa Wageni wa Idi

Siku tatu au nne kabla ya Idi, toka nje ya nyumba yako, ufunge mlango, kisha upige hodi kama mgeni na uingie polepole. Angalia jicho linatua wapi kwanza, mguu unakanyaga nini, na mkono unashika wapi pale unapoinama kuvua kiatu. Wengi wetu hatujawahi kuingia kwetu kwa namna hiyo, kwa sababu mwenye nyumba huingia akiwa na mawazo ya shughuli zake, akairuka ndoo anayojua ipo pale na kupinda bega kuikwepa baiskeli ambayo hata haioni tena. Mgeni hana mazoea hayo. Katika dakika yake ya kwanza anataka kujua aweke wapi viatu, aweke wapi mkoba na akae wapi, na mlango ulioandaliwa vizuri ni ule unaomjibu yote matatu kabla hajalazimika kuuliza.

Ninazungumzia hasa nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma, kama zile za Ngamiani kule Tanga au Magomeni na Ilala jijini Dar es Salaam, kwa kuwa ndiyo niliyokulia. Anayeishi kwenye fleti ana kazi ileile katika nafasi ndogo zaidi.

Anza kwa kutoa, usianze kwa kununua. Watu wengi huingia sikukuu wakiwa na zulia jipya na maua ya plastiki, ilhali mtungi wa gesi, jaba la maji, pikipiki ya kijana wa nyumbani na magunia ya mkaa bado vimejipanga ukumbini. Ukumbi wa nyumba hizi aghalabu hauzidi sana mita moja na nusu kwa upana, na watu wawili wanapopishana, mmoja akiwa amebeba sinia, hakuna nafasi ya kupoteza. Pikipiki ihamie uani au kwa jirani kwa siku hizo, mtungi wa gesi uende mahali penye hewa mbali na njia ya watu, na vitu vyote visivyotumika kila siku vitafutiwe chumba kimoja cha kuvihifadhi mpaka sikukuu ipite. Viatu vya watu wa nyumbani navyo viingie vyumbani mwao, kwa maana rafu ya mlangoni ikishajaa viatu vya wenyeji, mgeni wa kwanza tu ataviacha vyake katikati ya njia, na wa pili atamfuata.

Ukuta ukihitaji kupakwa rangi, ufanye kazi hiyo angalau wiki moja kabla ili harufu iishe. Katika nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ninashauri upake chokaa tena badala ya rangi ya plastiki, kwa kuwa kuta hizo hufyonza unyevunyevu kutoka ardhini, na rangi inayoziba ukuta hufura na kubanduka, mara nyingi kuanzia chini, pale pale ambapo mgeni aliyeketi hutazama. Kama mlango wako ni wa kale wenye njumu za shaba, zisugue kwa ukwaju uliolowekwa, uzifute mara moja kwa kitambaa chenye maji safi na kuzikausha, bila kuuacha ukwaju ukae juu ya mbao.

Sasa tuje kwenye viatu, kwa maana hapo ndipo mlango wa sikukuu unapoharibika au kupendeza. Jozi moja ya viatu vya mtu mzima huchukua upana wa sentimita 20 hadi 25 na urefu wa karibu sentimita 30. Kwa hesabu hiyo ubao wa mita 1 hubeba jozi 4 bila kubanana, na rafu yenye mbao 3 hubeba jozi 12, ambazo zinatosha kwa familia mbili kubwa zinazokutana kwako baada ya sala ya Idi. Seremala wa mtaani ataitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki, lakini mpe taarifa mapema, kwa kuwa mwishoni mwa Ramadhani mafundi wote huwa na kazi nyingi. Ubao wa juu uwaachie wazee ili wasilazimike kuinama sana, na wa chini uwe wa watoto. Pale ambapo rafu haiwezekani, tandika mkeka mwembamba kando ya ukuta mmoja tu, ili upande wa pili ubaki kuwa njia. Mgeni akikuta jozi mbili tatu zimepangwa juu ya mkeka ule, atazifuatiliza zake bila kuambiwa.

Mpe kijana mmoja wa nyumbani kazi ya kuvigeuza viatu, visigino vielekee ndani na ncha zielekee nje, ili mgeni anapotoka atie mguu na kwenda zake. Kijana huyohuyo azitenganishe ndala zinazofanana. Kwetu iliwahi kutokea shangazi akarudi kwake na ndala moja yake na moja ya mtu mwingine, zote za rangi ileile, naye aligundua alipofika kituo cha daladala. Tangu siku hiyo tunaweka ndala za mtu mmoja pamoja kwa kuzitumbukiza moja ndani ya nyingine.

Kuna jambo linalosahauliwa karibu kila nyumba, nalo ni kiti cha kuvulia viatu. Sikukuu mosi moja, mama mmoja mtu mzima wa mtaani alifika kwetu baada ya Alasiri. Alisimama kizingitini kwa mguu mmoja, mkono wa kulia umeshika ubavu wa mlango uliokuwa ukicheza, mkono wa kushoto unahangaika na kifungo cha kiatu, mkoba umebanwa kwapani na ncha ya buibui inagusa sakafu. Tulikuwa watu watano barazani, sote tunamwambia karibu, karibu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kumwekea mahali pa kukaa. Weka basi kigoda imara au benchi fupi lenye kimo cha sentimita 45 hivi, kwa kuwa kigoda cha chini sana humsumbua mzee kuinuka, na ulisogeze karibu na ukuta au nguzo anayoweza kushika. Baraza ya saruji inafaa kabisa kwa kazi hiyo ikiwa imefutwa vumbi na kutandikwa kitu, kwani hakuna anayependa kuketi na kanzu mpya au gauni la Idi juu ya saruji tupu.

Kizingiti nacho kinahitaji uangalifu. Katika nyumba za zamani huwa kimeinuka, na mgeni asiyekizoea hujikwaa, hasa anapoingia kutoka juani hadi kwenye ukumbi wenye giza. Paka mstari mweupe kwenye ukingo wake na uhakikishe taa ya hapo inawaka, kwa sababu wageni wengi hufika baada ya Magharibi. Umeme hukatika hata siku ya Idi, kwa hiyo taa ya kuchaji iwe imejaa na ikae karibu na mlango.

Idul-Fitri hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Ile ya 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, masika yakiwa yanaingia, na miaka kama hiyo tope ni sehemu ya maandalizi. Tumia matandiko mawili. La kwanza, la makumbi ya nazi au la katani, liwe nje ili likwangue tope, na la pili, la kitambaa kizito kinachonyonya maji, liwe ndani. Lijaribu la ndani kwa kuufungua na kuufunga mlango juu yake, maana tandiko nene huukwamisha mlango au hukunjwa nao likawa mtego wa miguu, na ikiwa sakafu ni ya vigae, weka chini yake kipande cha mpira kinachozuia kuteleza. Miavuli ipewe ndoo yake yenye kokoto kidogo chini, ili isianguke na maji yake yasitambae hadi kwenye viatu.

Wageni wa kike wanahitaji mahali pa kutundika mabuibui na mitandio yao, na mahali hapo pasiwe mbele ya baraza wanapokaa wanaume. Mimi hupendelea kulabu zilizopigiliwa kwenye ubao mmoja ndani ya ukumbi, nyuma ya pazia, kwa kimo cha mita 1.6, pamoja na ubao mwingine wa kimo cha mita 1 kwa ajili ya mikoba na nguo za watoto. Kulabu 8 zenye nafasi ya kiganja kimoja na nusu kati yake ni bora kuliko 20 zilizobanana, kwa kuwa mabuibui meusi yakirundikana mwenyewe hatalitambua lake. Kofia za wanaume nazo ziwe na kulabu mbili tatu upande wa barazani.

Hilo pazia si pambo. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupita kwanza kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni penye viti vya mawe pande mbili, kisha tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, na njia hukata kona kabla ya kufika kwenye uwanja wa ndani ya nyumba, hivi kwamba anayepita njiani haoni undani wa nyumba hata mlango ukiwa wazi. Ukumbi wetu umenyooka kutoka barazani hadi uani, na mtu aliyesimama mlangoni anaweza kumwona mpishi akikoroga sufuria. Pazia jepesi, lililotundikwa hatua mbili au tatu ndani ya mlango na likiishia kiganja kimoja juu ya sakafu, linaruhusu upepo upite, linamsitiri aliye ndani, na linamwezesha mgeni kupiga hodi zake tatu bila kuona kitu ambacho hakukusudiwa kukiona. Mtu mmoja awe karibu wakati wote wa kuitikia, kwa maana mwenye adabu asipoitikiwa mara ya tatu huondoka, hata kama amesafiri kutoka Pangani.

Harufu ya mlango wa Idi inajulikana, na nisingependa ibadilishwe na dawa za kupuliza za dukani. Makaa yakolee kwanza uani mpaka yafunikwe na jivu jeupe, kisha yatiwe kwenye chetezo pamoja na udi au ubani, na chetezo lipitishwe ukumbini robo saa kabla ya wageni, milango ikiwa wazi mbele na nyuma. Lisiachwe likifuka kwenye ukumbi uliofungwa, kwa kuwa moshi wa makaa una sumu isiyonusika, wala lisiwekwe chini ya pazia au mabuibui. Baada ya hapo sahani ndogo yenye maji kidogo na asumini inatosha. Zichumwe jioni zikiwa bado hazijafunguka, nazo zitafunguka usiku zikiwa mlangoni pako, na ukipata mrehani uchanganye humo.

Watoto huja kwa makundi asubuhi, wakitafuta mkono wa Idi, na ni hao wanaojaza mlango kuliko wageni wengine wote. Chenji na noti ndogo mpya zipatikane mapema, zigawanywe kwenye bahasha, na zikae kwenye droo au kidaka kilicho karibu na mlango lakini kisichoonekana kutoka nje. Wapokee barazani na uwape hapohapo pamoja na biskuti zao, kisha waendelee na safari yao ya viwanjani.

Mlango huohuo ni wa kutokea. Karibu na rafu ya viatu weka meza ndogo yenye vifurushi vya halua au visheti vilivyofungwa tayari, ili usilazimike kumwacha mgeni amesimama huku ukitafuta mfuko jikoni. Mletee mzee viatu vyake pale alipokaa kwenye kigoda, umpe mkono ainuke, na umsindikize mpaka mwisho wa baraza, au mpaka barabarani kama ni usiku.

Unguja sikukuu huendelea siku nne, na popote ulipo, matandiko ya mlangoni yanahitaji kukung'utwa kila alfajiri na kubadilishwa yakilowa. Baada ya wageni wa mwisho kuondoka, yafue na kuyaanika, uifute rafu, na kabla hujavirudisha vitu vilivyohamishwa, tembea tena ukumbini kutoka mlangoni hadi uani. Kile ambacho hukukihitaji kwa siku zote hizo kitafutiwe mahali pengine, na mtungi wa gesi ubaki hukohuko ulikouhamishia.